Nilivyogeuza Erthi ya Gari la Mwalimu Wafula

Juzi msichana mmoja anayejifunza kazi ya waya pale Riruta Satellite alinipigia simu saa nne asubuhi, sauti iko juu. Alikuwa amefungua boneti ya gari la zamani, akakuta betri imefungwa kinyume na alivyofundishwa.

"Shosh, hii gari kuna mtu aliifunga vibaya," akaniambia, kwani vijana wote huniita bibi. "Positive imeenda kwa bodi. Nigeuze?"

"Usiguse kitu," nikamjibu. "Weka spana chini. Kunywa maji."

Alicheka, lakini spana aliiweka. Niliisikia ikigonga sakafu. Ndiyo maana leo nimekaa na daftari hili. Magoti yangu hayakubali tena kukunjwa chini ya dashibodi, na macho siku hizi yananionyesha nyaya mbili mahali palipo na mmoja, kwa hivyo kazi nimeiacha. Mdomo bado mzima. Nataka kuwaeleza ninyi mnaoanza kuhusu magari hayo, na hasa kuhusu gari moja, mzee mmoja, na kosa langu ambalo nilijaribu kulipa jina dogo kuliko lilivyostahili.

Kwanza tuelewane. Betri ina nguzo mbili, chanya na hasi. Katika magari ya leo ile ya hasi hufungwa kwenye mwili wa gari, yaani bati lote, na hiyo ndiyo tunaiita erthi. Taa ikitaka stima hupelekewa waya mmoja tu, maana njia ya kurudi ni bati lenyewe. Lakini magari mengi ya Kiingereza yaliyoletwa hapa zamani yalifungwa upande ule mwingine: chanya ndiyo ilikuwa kwenye mwili. Gari hilo si bovu. Lilizaliwa hivyo. Na lingeendelea hivyo hadi leo bila matata, kama wenyewe wasingetaka kuchajia simu ndani yake.

Mimi naitwa Ndinda. Nilikuja Nairobi kutoka Machakos na jiko moja na sufuria mbili, nikaanza kuwauzia mafundi chai na mandazi huko Lindi, Kibera. Walikuwa mafundi wanne chini ya paa moja la mabati. Mkubwa wao kwa umri alikuwa Mzee Okumu, mtu mrefu, mpole, ovaroli yake imepigwa pasi kama ya mtu wa ofisini. Yeye alikuwa wa waya peke yake. Injini aliwaachia wengine.

"Mafuta siyapendi," alikuwa akisema. "Anayefua ni mke wangu."

Siku moja aliniomba niweke birika chini, niingie ndani ya gari nikanyage breki ili aone taa za nyuma. Nikanyaga. Akasema nipige honi. Nikapiga. Halafu nikamwuliza, "Mzee, mbona nikipiga honi hii taa ya dashibodi inafifia?"

Alikuja dirishani akaniangalia kama mtu aliyesalimiwa kwa lugha ya kwao mahali asipoitarajia. Chai yote ilipoa siku hiyo. Alinieleza mpaka saa nane mchana, akichora kwenye vumbi la boneti kwa kidole, na wenzake walipolalamika kuwa hawajanywa kitu akawaambia wajimiminie. Mwezi uliofuata jiko nililiuza kwa jirani.

Mzee alikuwa na mambo yake. Akifuata waya chini ya dashibodi alifumba macho. Alisema waya wa miaka hamsini, uwe ulikuwa mwekundu au wa kahawia, kwa macho ni rangi moja tu, lakini kwa vidole kila mmoja una unene wake na ugumu wake. Alinifundisha pia jambo la penseli, nalo mlishike, kwa sababu hili simu zenu hazitawafundisha. Koili ndiyo inayotengeneza cheche ya plagi. Ukitaka kujua kama nyaya zake mbili ndogo zimekaa upande wake, shika waya mnene wa plagi kwa koleo yenye mpini wa mpira, uuache mbali kidogo na plagi, cheche iruke. Katikati ya cheche hiyo weka ncha ya penseli iliyochongwa. Mwako wa rangi ya chungwa ukitokea upande wa plagi, uko sawa. Ukitokea upande wa pili, umegeuza. Gari litawaka, ndiyo, lakini asubuhi ya baridi ya Julai litakohoa kama mgonjwa na mwenyewe atakulaani.

Mara ya kwanza niliposhika hiyo penseli stima ilinipiga, nikairusha mpaka kwa fundi wa viti. Mzee alienda kuiokota, akaichonga upya, akanirudishia. Hakucheka. Waliocheka ni wale wengine watatu.

Baadaye nilihamia Kawangware, nikapata kibanda changu. Sikuondoka kwa ugomvi. Mzee Okumu ndiye aliyenifungia swichi ya kwanza kwenye ukuta, na mke wake, Mama Atieno, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Kisumu Ndogo, hapo hapo Kibera, aliniletea mfuko mzima wa omena ili nisishinde siku za mwanzo bila kula. Kila tulipoonana Mzee aliniita "nyathina", kwa Kijaluo, mtoto wangu. Sikuwa mtoto wake. Nilikuwa Mkamba mwenye watoto watatu. Lakini niliitika.

Miaka ikaenda na kazi ikabadilika. Watu wenye magari ya zamani walianza kutaka redio mpya, taa mpya, mahali pa kuchajia simu, na vitu hivyo vyote vimetengenezwa kwa erthi ya hasi. Ukivifunga kwenye gari la chanya unasikia harufu tu. Nikajifunza kuyageuza. Gari la kwanza nililogeuza lilikuwa na feni ndogo juu ya dashibodi, nami sikujua kwamba feni ya aina hiyo ukigeuza stima nayo huzunguka kinyume. Mwenye gari alimpeleka mama mkwe wake kanisani, mama akaomba feni, feni ikaanza kunyonya badala ya kupuliza, ikamla ncha ya kitambaa cha kichwani. Nililetewa kitambaa nikitoe kwa bisibisi, na mama mkwe mwenyewe amekaa kiti cha mbele ananitazama. Tangu siku hiyo, kabla ya kugeuza gari lolote, nahesabu kwanza kila kitu kinachozunguka.

Sasa nifike kwa Mwalimu Wafula.

Mwalimu alikuwa amestaafu, anaishi Satellite, na alikuwa na gari la kijani kibichi lenye taa za mviringo, la baba yake, ambalo watu walilikodisha kubebea bibi harusi. Gari hilo lilikuwa la Mzee Okumu. Si kwa umiliki, nasema kwa mikono. Tangu Mwalimu alipolirithi, hakuna fundi mwingine aliyegusa waya wake hata mmoja.

Akaja Kawangware siku moja bila kupiga simu, akasimamisha gari, akasema, "Ndinda, nimechoka na dainamo. Kwenye foleni ya Ngong Road haichaji kitu. Taa zinakuwa nyekundu kama makaa. Nataka alteneta, ile inayochaji hata gari likisimama."

"Alteneta inataka hasi kwenye mwili, Mwalimu. Itabidi nigeuze gari zima."

"Geuza."

"Mzee Okumu anasemaje?"

Akatazama pembeni. "Mzee anasema gari liachwe lilivyozaliwa. Nimemwambia mara tatu. Usimwambie, tafadhali. Atahuzunika bure."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema, twende Lindi tumwambie pamoja. Lakini lilikuwa gari zuri, nami nilikuwa nimelitamani tangu siku ile Lindi nilipoambiwa nikanyage breki zake. Nikasema sawa.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, na hilo nalisema bila haya. Dainamo niliitoa, nikafunga alteneta. Koili niligeuza nyaya zake mbili, nikapima kwa penseli. Amita, ile saa inayoonyesha kama betri inajaa au inaisha, niligeuza nyaya zake ili isije ikaonyesha njaa wakati imeshiba. Stata, ile mota inayowasha injini, sikuigusa, maana stata ya magari hayo haijali, ukiipa stima upande wowote inazunguka vilevile. Honi na taa pia hazijali. Feni haikuwepo, namshukuru Mungu.

Ikabaki betri. Hapa nisikilizeni. Nguzo ya chanya huwa nene kuliko ya hasi, na vichwa vya kebo, vile vinavyobana nguzo, hutengenezwa kimoja kipana na kimoja chembamba. Ukijaribu kufunga kinyume, gari lenyewe linakukatalia: kimoja hakiingii, kingine kinalegea. Mimi niliondoa vile vya zamani vilivyooza, nikaweka vipya vya bei rahisi vya kukaza kwa boliti, ambavyo vinabana nguzo yoyote. Nikaliondolea gari mdomo. Na kebo zote mbili zilikuwa nyeusi, kama kawaida ya magari hayo, nikaziacha nyeusi.

Kawaida, ukigeuza gari, unaandika chini ya boneti kwa rangi, herufi kubwa, kwamba mwili sasa ni hasi. Ni kazi ya dakika mbili. Mkebe wa rangi nyeupe ulikuwa umefunguliwa pale mezani. Boneti nikaifunga.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, Jumamosi, gari lilikodishwa kwa harusi katika kanisa moja la Kisumu Ndogo. Mwalimu aliacha taa zikiwaka muda wote wa ibada, na ibada za huko hazina haraka. Walipotoka, gari halikushtuka hata kidogo. Akaifungua betri mwenyewe, akampa mtu aipeleke kwenye kibanda cha kuchaji, halafu mtu mwingine akasema, "Si Mzee Okumu anakaa hapo juu tu? Ana betri zimejaa." Wakaenda kumwita. Mwalimu alipoona Mzee anakuja ameibeba betri mabegani, alipata aibu ya kuonana naye, akazunguka nyuma ya kanisa akajifanya anapanga wapiga picha.

Mzee akakuta nafasi ya betri tupu, na kebo mbili nyeusi zimelala. Hakuhitaji kuuliza, wala kuchungulia chini kama dainamo bado ipo. Ile fupi inaenda kwenye mwili. Kwenye mwili ni chanya. Alikuwa amefanya hivyo kwenye gari hilo tangu nywele zake nyeusi.

Alipogusisha kichwa cha pili, cheche iliruka kama ya kuchomelea chuma. Alteneta ikifungwa kinyume inaimeza betri nzima kwa mkupuo mmoja. Nyaya zilianza kutoa moshi chini ya dashibodi, wageni wa harusi wakapiga kelele, na Mzee, badala ya kurudi nyuma, aliing'oa ile kebo kwa kiganja kitupu ili gari la watu lisiungue. Aliliokoa gari. Kiganja kiliungua. Bibi harusi alipelekwa kwa gari la binamu yake, na kabla jua halijazama watu walikuwa na video kwenye simu: mzee mwenye ovaroli safi, moshi, na sauti ya mtu akisema, "Huyu guka amechoma gari ya harusi, aki!"

Mimi niliiona hapa hapa Kawangware. Niliiangalia mara moja tu, nikajua.

Jumatatu gari lililetwa kwangu likivutwa. Mwalimu alisimama pembeni yangu nilipofungua boneti. Alisema, kwa huzuni ya kweli, "Mzee Okumu amekwisha. Ni uzee. Watu wote huko wanasema hawatampa gari tena."

Nami nikasema, "Mm."

Ndilo neno hilo. Mm. Sijawahi kusema neno refu kuliko hilo.

Jumanne nilisema nitaenda Lindi Jumatano. Jumatano nilisema kuna kazi nyingi. Gari nililifunika turubai, kana kwamba lilikuwa linaniangalia.

Alhamisi saa tisa alasiri Mzee Okumu alikuja mwenyewe. Hakuvaa ovaroli, alivaa shati la kanisani, mkono wa kulia umefungwa bandeji. Chini ya kwapa la kushoto alibeba sanduku lake la vifaa. Aliliweka juu ya meza yangu polepole, kama anamlaza mtoto.

"Nyathina," alisema, "hivi vitu chukua. Nyumbani vinakaa tu."

"Kwa nini, Mzee?"

"Mikono imesahau."

Nilivuta kiti akae. Hakukaa.

"Gari la Wafula nimelifunga tangu Atieno hajazaliwa. Jumamosi nililifunga vilevile, likatoa moshi. Nimekaa siku tano nafikiria ni wapi nilikosea, na sipaoni. Kukosea si kitu, nimekosea mara nyingi. Lakini kukosea halafu usione ulipokosea, hiyo ni dalili nyingine. Baba yangu alianza hivyo hivyo, kabla hajaanza kupotea akienda sokoni." Akatazama mkono wake. "Mama Atieno sijamwambia. Wewe nimekwambia."

Huko nje mtu alikuwa anagonga bati, na mama mmoja anaita wateja wa mahindi ya kuchoma. Gari lenyewe lilikuwa nyuma ya mgongo wake, chini ya turubai. Nililivuta turubai mpaka likaanguka chini.

"Mzee, hukusahau kitu. Gari hili niligeuza mimi. Hasi ndiyo iko kwenye mwili, mwezi wa tatu sasa. Wewe ulilifunga sawasawa kama ulivyolijua."

Aligeuka. Akaenda mpaka kwenye boneti, akainama, akaingiza mkono wa kushoto, ule mzima. Akafumba macho. Alifuata kebo fupi hadi kwenye bati, akafuata ile nyingine hadi stata, akapapasa alteneta pande zote.

"Koili uligeuza?" aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Niligeuza."

"Na amita?"

"Pia."

"Kwa penseli ulipima?"

"Nilipima, Mzee."

"Na maandishi? Mbona hukuandika?"

"Nilisahau."

Akafumbua macho, na uso wake wote ukalegea. Mnajua mtu aliyekuwa amebeba gunia akiambiwa aweke chini? "Basi ni kusahau," alisema. "Kila mtu husahau, nyathina. Usilie." Alikuwa karibu kunicheka. Yeye mwenye bandeji ndiye aliyekuwa ananibembeleza mimi.

Hapo ndipo niliposhindwa. Kama angenifokea, pengine ningebaki na hilo "nilisahau" langu hadi kaburini.

"Sikusahau," nikasema. "Mkebe wa rangi ulikuwa hapo mezani, umefunguliwa. Niliogopa siku moja ungefungua boneti usome, ujue nimekuchukulia gari. Ndiyo sababu sikuandika. Na Jumatatu Mwalimu aliposema umekwisha, nilinyamaza."

Sasa ndipo alipokaa. Akaulaza mkono wenye bandeji juu ya goti.

"Mkono utapona," alisema. "Lakini siku tano, Ndinda."

Hakuniita nyathina. Alisimama, akachukua sanduku lake la vifaa, akaondoka nalo. Nilibaki nimesimama mlangoni, nafurahi kwamba amelibeba sanduku, na moyo unaniuma kwa jinsi alivyolitamka jina langu.

Kesho yake nilienda Satellite kwa Mwalimu Wafula nikamweleza yote. Yeye naye aliniambia habari ya kujificha nyuma ya kanisa. Jumamosi tukaenda wote wawili Lindi, mchana kweupe, mafundi wote wapo na Mama Atieno amepita na karai lake la omena. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, hana kazi mbele yake.

Nilisema kwa sauti ya kusikika. Kwamba Mzee hakukosea. Kwamba gari nililigeuza mimi kwa siri na sikuandika kwa makusudi. Mmoja wa mafundi vijana, aliyekuwa ameisambaza ile video, alianza kuangalia viatu vyake.

"Toa simu," nikamwambia. "Irekodi na hii."

"Aki Mathe, si lazima."

"Ni lazima. Toa."

Nikarudia yote mbele ya simu. Haikusambaa kama ile ya moshi, nisiwadanganye. Moshi una miguu mirefu. Lakini ilifika kwa wenye magari, na hao ndio niliowataka.

Mama Atieno aliweka karai chini. "Kwa hivyo ni wewe uliyemnyima mume wangu usingizi?"

"Ni mimi, Mama."

Alinitazama toka kichwani hadi miguuni. Kisha akamtazama Mwalimu vilevile. "Mmekula?" akauliza. Hatukuwa tumekula. Akaenda kuleta ugali. Hakututabasamia hata mara moja wakati tunakula, na nyama ya sahani yangu iliishia yote kwenye sahani ya Mzee. Nilikula nikashukuru.

Mzee alinawa mkono mmoja, akafuta mdomo, akauliza, "Gari liko wapi?"

Tulilitengeneza pamoja wiki mbili, pale kwangu. Alikuja kila asubuhi. Nyaya zilizoungua tulizitoa moja moja, mimi nikikata na yeye akinieleza kila mmoja ulikuwa unaenda wapi, na kwenye alteneta tukabadilishana, mimi nikawa mwenye kueleza na yeye mwenye kuuliza. Aliuliza maswali mengi. Aliandika kwenye daftari la shule kwa mkono wa kushoto, herufi zinayumba. Siku ya tatu, akiwa amelala chini ya dashibodi, miguu tu ndiyo inaonekana, alisema, "Nyathina, nipe tepu." Nikampa tepu. Nikabaki nimeinamia boneti kwa muda, natafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Kebo ya mwili tuliifunga tepu nyeusi, ile nyingine nyekundu. Vichwa vya boliti tuliving'oa, tukatafuta vya asili, kimoja kinene na kimoja chembamba. Maandishi aliyaandika yeye: MWILI NI HASI. ALIYEGEUZA NI NDINDA WA KAWANGWARE. HUJUI, ULIZA. Nilimwambia jina langu si lazima. Akasema ni lazima.

Siku tulipomaliza, kabla ya kufunga boneti, aliniuliza jambo moja bila kunitazama. "Sasa wewe najua unaweza kunidanganya, na najua unaweza kuacha. Siku mikono ikisahau kweli, utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Usiseme ni gari."

"Sitasema ni gari, Mzee."

Alifanya kazi miaka mingine mingi baada ya hapo. Wateja walirudi, wengine wakiwa na aibu, na yeye akawapokea bila kuwakumbusha kitu. Aligeuza magari mengi ya watu kuliko hata mimi, na kila moja aliliandika chini ya boneti.

Halafu siku moja, si zamani sana, aliniita Lindi nimsaidie taa za gari dogo. Kazi ya nusu saa. Nilimkuta ameianza tangu asubuhi. Alikuwa ameunganisha waya wa taa kwenye waya wa honi, akaukata, akauunganisha tena palepale, mara tatu. Niliona vipande chini. Alipotoka chini ya dashibodi uso wake ulikuwa umetulia, lakini mkono wa kulia, ule wenye kovu, ulikuwa umeshikilia mlango kwa nguvu.

"Ndinda," alisema. "Ni gari, au ni mimi?"

Mafundi wengine walikuwa karibu. Ningeweza kusema waya umeoza. Ulikuwa umeoza kidogo, kweli.

Nikaenda mpaka pale alipo, nikaweka mkono wangu juu ya wake. "Ni wewe, Mzee."

Aliitikia kwa kichwa polepole, mara mbili. Hakuniuliza kama nina hakika. Alitoa bisibisi mfukoni, akaifuta kwa pindo la ovaroli yake safi, akanipa.

"Basi malizia," alisema. "Mimi nakushikia tochi."

Nikalala chini ya dashibodi, magoti yakilia. Yeye akachutama mlangoni na tochi, akaielekeza pale pale nilipohitaji kabla sijamwambia, akaishika bila kutikisika hadi nikamaliza.